Funguo Mbili za Ukumbi: Siku Mbili Kibera na Kawangware



Masika yaliyopita harusi ya binti wa jirani yetu ilinyeshewa ndani ya ukumbi wa mtaa. Wengi wenu mlikuwepo. Hina ilikuwa haijakauka mikononi mwake, na kina mama walikuwa wakihamisha viti kutoka upande huu hadi ule wakikimbia matone. Usiku wa pili wazazi walilazimika kukodi ukumbi wa hoteli, na deni lile, kwa tunavyojua, bado halijakwisha kulipwa. Ukumbi wetu ulijengwa kwa michango ya watu wa mtaa huu huu. Mlangoni pana bamba la marumaru lenye majina ya waliochanga. Bamba lingali linang'aa. Paa ndilo lililooza.

Basi tulipokwenda Nairobi kwa shughuli za kifamilia, sisi watu 4 wa kamati, wanaume wawili na wanawake wawili, tuliongeza siku mbili katika safari yetu. Tulikuwa tumesikia kwamba Kibera na Kawangware, mitaa ambayo jina lake hutajwa kwa ufukara tu, zipo kumbi za watu wa kawaida zinazosimama na kuhudumu kila siku ya juma. Tulitaka kuona zinasimamishwa na nini.

Tulipanda treni Miritini, tukateremka Syokimau jioni na baridi imekwisha kutukamata. Asubuhi yake tukaingia Kibera kwa upande wa Makina.

Jina la asili ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi waliotoka Sudan kama askari wa jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa eneo lao. Hati miliki waliyokabidhiwa hatimaye, mwaka 2017, ni ya ekari 288. Baina ya tarakimu hizo mbili wamezaliwa watu, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa katika ardhi ambayo serikali iliihesabu kuwa yake. Wakati huo huo wakaja majirani kutoka kila pembe ya Kenya, vijiji vikashikana: Lindi, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Laini Saba, Silanga, Mashimoni na vinginevyo, na reli ikiwapasua katikati.

Hapo Makina hatukujihisi wageni sana. Adhana ilikuwa ile ile. Chakula kililetwa kimefunikwa kwa tabaka, kifuniko kilichosukwa kwa rangi za kuvutia, na dada yetu mmoja akasema papo hapo kwamba hili ni kawa la nyumbani, limekwenda Sudan likarudi limevaa nguo za sikukuu. Chini yake palikuwa na gurusa, ule mkate wao mwembamba. Tulikula hadi tukasahau kwamba tulikuja kazini.

Ukumbi tulioonyeshwa hatutautaja jina, kwani wenyewe walituomba hivyo. Kuta zake ni za mabati, sakafu ya saruji, madirisha yenye nondo. Aliyetupokea ni mama mwenye umri mkubwa, amejifunga leso juu ya buibui, na funguo zimening'inia shingoni kwa kamba ya viatu.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kutazama au kukodi?"

Tukamweleza tulichokuja nacho. Hakutujibu kwa maneno. Aliinua kiti kimoja cha plastiki akakipindua. Chini ya kalio paliandikwa nambari kwa rangi nyekundu: 41. Kila kiti kina nambari yake. Anayekodi hupewa viti kwa hesabu, hutia sahihi, na huacha amana ambayo hurudishiwa viti vikirudi vyote na sakafu ikiwa imefagiliwa. "Kiti hakiibwi," alisema. "Kiti husahauliwa kwa jirani, na jirani naye husahau kukirudisha. Nambari inawakumbusha wote wawili." Kisha akatuonyesha kitabu cha risiti, na daftari ambalo kila ukurasa umepigwa mstari katikati: kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka. Tokeni za umeme. Sabuni. Kitasa. Fundi wa paa.

Hapo kwenye fundi wa paa tulikaa naye muda mrefu, kwa sababu ndipo palipotuuma. Sisi tulidhani paa huharibika bati linapotoboka. Akatueleza kwamba mara nyingi bati huwa zima, na tatizo ni msumari. Jua la mchana hulitanua bati na baridi ya usiku hulifinya, na kila siku msumari hulegea kwa kiasi kisichoonekana. Ile raba iliyo chini ya kofia yake hukauka na kupasuka. Maji hupita hapo, yakalowesha mbao, mbao ikaoza, na mbao ikioza hakuna msumari utakaoshika tena. Kwa hiyo fundi wake hupanda mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na mfuko wa misumari tu. Gharama yake, alisema, haifiki bei ya mbuzi. Sisi tulio karibu na bahari tuna na chumvi juu ya hayo yote, na tangu paa letu lilipowekwa hatukumbuki fundi kupanda hata mara moja.

Taratibu zake nyingine alizisema kwa haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokihifadhi. Matanga hayalipiwi. Mwanasiasa hulipa kabla ya kuingia, tena pesa yote, na harusi iliyokwisha kuandikwa haiondolewi kwa ajili yake. Jina lake halipakwi ukutani hata akileta rangi ya bure. Muziki huzimwa wakati wa adhana, na Jumapili asubuhi ukumbi hukodiwa na kanisa ambalo nalo halina jengo. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya mtu yeyote kulipwa ujira, hutengwa fungu la matengenezo.

Tuliposikia hilo la mwisho, mzee wetu alitikisa kichwa akasema kwamba mama huyu anatumia sheria ya wakfu. Wanazuoni wa fiqhi wamelifafanua zamani: mapato ya wakfu hutumika kwanza kuuimarisha wakfu wenyewe, ndipo wanaostahiki wapewe. Sisi tumesomeshwa hayo madrasa. Kamati yetu hugawa kwanza, kisha hutazama kama kimebaki cha kununulia balbu.

Mlango wake una kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza ni huo wa shingoni. Wa pili anao kijana wa kabila jingine na dini nyingine, wa kikundi cha vijana upande wa pili wa reli, na ukumbi haufunguki mpaka wote wawili wawepo au watume mtu. Tulidhani ni kwa kuogopa wizi. "La," akasema, "ni kwa sababu ya 2008." Wasomaji wanakumbuka machafuko yale ya baada ya uchaguzi, jinsi watu wa Kibera walivyogeukiana na soko la Toi likateketea. Siku zile, alisema, mwenye ufunguo ndiye aliyekuwa na ukumbi, na asiyekuwa nao akawa adui wa ukumbi. Ghasia zilipotulia wakakubaliana kwamba jengo halitakuwa tena la mtu mmoja kulifunga. Ni usumbufu, hakuficha. Kuna siku kijana huchelewa na maharusi wakasubiri nje.

Alasiri tulipelekwa Gatwekera kuona jengo la namna nyingine. Shirika la Umande Trust, pamoja na vikundi vya wakazi, limejenga Kibera vituo ambavyo chini yake ni vyoo na mabafu ya kulipia, ardhini mna kuba la kuzalisha gesi kutokana na kinyesi, na gesi hiyo hupikiwa. Ghorofa ya juu huwa ni ukumbi na vyumba vya kukodisha. Kile cha Gatwekera hujulikana kwa jina la TOSHA. Mmoja wetu alipoelezwa moto wa jikoni unatoka wapi aliishika glasi yake ya chai kwa muda mrefu bila ya kuinywa, na hatutamtaja jina kwa sababu ni mwandishi mwenzetu. Pamoja na hayo hesabu yake ilitushangaza kwa jinsi ilivyo nyepesi. Harusi ni za msimu, lakini haja ni ya kila siku. Ukumbi unaotegemea sherehe hufa njaa Ramadhani na hufa njaa mwezi ambao hakuna anayeoa. Choo hakina msimu. Kile cha chini ndicho kinachokilisha kilicho juu.

Wenyeji wetu hawakutuficha upande wa pili. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, na maelfu ya watu walipoteza nyumba. Shule nazo zilibomolewa. Katika ardhi ya namna hiyo, mtu atie saruji kiasi gani? Tulimrudia yule mama na swali hili, jua likizama. Akatuonyesha viungo vya nguzo zake. Havikupigwa misumari, vimefungwa kwa bolti. "Huu ukumbi unafunguka kwa spana," akasema. "Wakija wenye matingatinga wakatupa siku mbili, tutauhamisha." Alisema hayo kwa utulivu kama anayezungumzia kuanua nguo kamba ikikatika.

Siku ya pili tulipanda matatu nambari 46 kwenda Kawangware. Njia inapita Kilimani na pembezoni mwa Lavington, penye kuta ndefu na maua yanayomwagika juu yake, halafu ghafla ni vibanda, mahindi ya kuchoma, mafundi wa sofa wakigonga kando ya barabara. Hapa mambo ni kinyume cha Kibera. Ardhi nyingi ni viwanja vya watu binafsi vyenye hati, kwa kuwa Dagoretti yote hii ilikuwa mashamba ya Wakikuyu kabla ya kuingizwa ndani ya mji. Kibera watu wana ukumbi lakini ardhi yao ni ya mashaka. Kawangware ardhi ina mwenyewe, na watu hukodi.

Ukumbi tuliouona ni ghorofa ya kwanza juu ya maduka, chumba kimoja kirefu kinachokodiwa na chama cha akina mama. Saa za siku zimegawanywa kama mkate: asubuhi watoto wadogo, mchana cherehani, alasiri madrasa, Jumamosi mikutano ya vyama, usiku mazoezi ya karate. Hakuna saa inayolala. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alitusimulia kwamba miaka yao ya mwanzo walitia vioo vya madirisha, wakapaka rangi, wakaweka sinki. Mwenye nyumba alipoona chumba kimependeza akapandisha kodi. Waliadhibiwa kwa kutunza. Walikaribia kuhama, badala yake wakatafuta wakili, na mkataba mpya unasema kwamba kila tengenezo lenye risiti hukatwa katika kodi. Tangu hapo, alisema akicheka kidogo, mwenye nyumba huja mwenyewe kukagua kama bomba linavuja.

Kisha akatuuliza: "Na nyinyi, ukumbi wenu umeandikwa kwa jina la nani?"

Tulitazamana. Mmoja wetu akasema ni wakfu. Mwingine akasema kiwanja kilikuwa cha marehemu fulani, ambaye alikitoa kwa mdomo mbele ya mashahidi. Wa tatu alisikia kwamba karatasi zilikuwa kwa katibu wa zamani. Yule mama hakusema kitu. Alitumiminia chai nyingine.

Usiku ule ndani ya treni hatukulala sana. Tulihesabu waliotoa ardhi na waliosimama kama mashahidi, na tukaona kwamba aliyebaki hai ni mmoja tu, naye umri umemwendea. Yeye akiondoka, hakuna atakayeweza kusema mbele ya kadhi kwamba alisikia kwa masikio yake.

Mzee huyo tumekwisha kumtembelea, na maneno yake yameandikwa mbele ya watu wanne. Juma lijalo, inshaallah, wawili wetu watakwenda katika afisi ya Kamisheni ya Wakfu kuuliza kama jina la ukumbi wetu limo katika vitabu vyao. Fundi amepanda paa na kusema kwamba mbao tatu hazifai tena, nyingine zinaokoleka. Kufuli ya pili imenunuliwa. Nani ataishika ufunguo wake litaamuliwa Ijumaa baada ya Isha, na kina mama wanaombwa wahudhurie kwa sababu wao ndio wanaoutumia ukumbi zaidi kuliko sisi.

Jumamosi iliyopita vijana walileta kopo la rangi nyekundu na brashi mbili, tukapindua viti vyote uwanjani na kuanza kuandika. Daftari la kamati linasema viti 120. Tulifika 87, tukarudia kuhesabu, tukafika tena 87. Mwenye kiti kwake, au kwa jirani yake, akilete tu. Hakuna atakayeulizwa kitu.