Injini Hiyo Haina Cheni

Muheza,
Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Goti la mama yako limepoa kidogo, na mvua za vuli zinakuja kwa kusuasua. Mengine utayakuta ukija.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya simu ya dada yako. Kaniambia ile Honda CG125 niliyokupa inalia, umeipeleka kwa fundi huko Morogoro, na fundi kasema cheni ya taimingi imekwisha, injini ishuke, utoe laki mbili na themanini. Nikamwambia arudie. Akarudia: cheni ya taimingi. Usiku ule sikulala, hata mkazamjomba wako akaniuliza kafa nani.

Injini hiyo haina cheni ya taimingi. Haijawahi kuwa nayo tangu itoke kiwandani. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walikuwa wameshajifunza. CB125 iliyotangulia ilikuwa na kamshafti juu kichwani, inazungushwa na cheni. Injini nzuri, lakini ilitaka oili safi kwa wakati wake, na sisi wa nchi za joto na vumbi tulibadilisha oili siku tuliyokumbuka. Basi wakaishusha kamshafti chini karibu na krenki, wakaizungusha kwa gia, na kazi ya kusukuma valvu wakazipa fimbo mbili zinazopanda ubavuni mwa silinda. Pikipiki nyingi za Kichina unazoziona kijiweni zimenakili mpango huohuo. Boxer ndiyo yenye cheni. Kwa hiyo sitaki kumwita fundi wako mwizi; huenda mikono yake imezoea Boxer, na kila mlio wa juu kwake ni cheni. Lakini mtu anayetaka kubadilisha kitu kisichokuwemo, ukimpa spana atabadilisha na vilivyomo.

Pikipiki hiyo niliinunua mwaka 1994 kwa pesa za michungwa, msimu wa mwisho kabla shamba halijauzwa. Aliyeliuza anajijua, na wewe unamwita baba, tuyaache. Ninachotaka kusema ni kwamba miaka yote ile mimi nimeifungua mara mbili tu, na mara zote mbili nilijua ninachokifuata kabla sijashika spana.

Sasa mlio wenyewe ni upi? Dada yako anasema inagonga. Kugonga kupi? Injini ya fimbo ina sauti yake ya asili, kama cherehani ya fundi nguo, na mtu aliyezoea pikipiki mpya akiisikia atadhani ni ugonjwa. Ukishaichukua kwa fundi, asubuhi ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa, usiiwashe kwanza. Isukume uani hatua ishirini ikiwa imezimwa. Ikilia hivyo hivyo, injini haihusiki. Tazama cheni ya nyuma inavyogusa kava yake, tazama breki. Kisha piga kiki, iache iungurume. Mlio mzito kiasi unaokuja asubuhi ukapotea injini ikipata joto, huo ni wa pistoni iliyopwaya kwenye silinda. Ni uzee. Hata mimi asubuhi magoti yangu yanalia, na hakuna aliyesema nifunguliwe. Halafu, ikiwa haina gia, vuta klachi. Kelele ikikatika ulipovuta na kurudi ulipoachia, basi chanzo ni klachi au beringi za giaboksi, na huko juu hakuna haja ya mtu kugusa.

Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse injini, mpini ubane kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Hamisha ncha taratibu: kichwani, ubavuni, chini kwenye krenki. Angalia tu shati lisinaswe. Utashangaa jinsi mlio ulioujaza uwanja mzima unavyokuwa na nyumba moja ndogo.

Ukiukuta kichwani, mwepesi, chek-chek-chek, hizo ni tapeti, na kwa injini ya umri huo ndiyo dhana yangu ya kwanza. Injini ikiwa baridi, zungusha krenki mpaka alama ya T ikae mahali pake na roka zote mbili ziwe legelege ukizitikisa kwa kidole. Nafasi kati ya roka na valvu ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, kama unene wa unywele. Na usikaze mpaka ikanyamaza kabisa! Vijana wanapenda ukimya. Valvu isiyopata nafasi ya kufunga vizuri huungua, na hiyo ya moshi ndiyo hutangulia. Tapeti inayolia kidogo inakwambia iko salama.

Ikiwa inalia kama misumari ndani ya kopo, na ni pale tu unapopanda kilima na gia kubwa, nenda ukatafute petroli kwingine kabla hujatafuta fundi. Watu walikuwa wakichanganya petroli na mafuta ya taa mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuwakatisha tamaa, na sidhani kama wote walikata tamaa.

Kuna mlio mmoja tu ninaouogopa, nao unatoka chini: mzito, gong-gong-gong, unaousikia nyayoni kabla ya masikioni, unaozidi ukiibebesha mzigo. Hiyo ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ukiusikia huo, zima hapohapo, hata kama ni katikati ya barabara na mvua inanyesha. Hapo injini itafunguliwa, na mimi mwenyewe nitakuja.

Lakini konrodi imenifanya nikuhadithie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa gereji hapahapa Muheza, najiona fundi kuliko mafundi. Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya huko njia ya Amani, ana CG kama hii yako. Mtu wa maneno machache, suruali imepigwa pasi hata siku ya matope. Akasema kwenye tambarare iko kimya, akianza kupanda mlima inalia chaf-chaf-chaf, na kadiri anavyovuta mafuta ndivyo inavyozidi. Sikuipanda kuijaribu. Sikumuuliza swali la pili. Nikamwambia, hiyo konrodi, mwalimu, iache.

Nikashusha injini. Nikatoa kichwa, nikatoa silinda, nikaishika konrodi nikaivuta juu na chini: haichezi hata kidogo. Ubavuni ilikuwa na mchezo wake mdogo, na huo ni halali yake. Pistoni safi, ringi safi. Gasketi ya chini nikawa nimeichana wakati natoa silinda, na miaka ile spea ilikuwa ya kutafutwa kama dawa, basi nikakata nyingine kwa karatasi ya boksi. Wakati narudisha ekzosi ndipo nikaona. Ile nati moja kati ya mbili zinazoikamata kichwani, ambayo wakati wa kufungua niliizungusha kwa vidole bila kujiuliza, ilikuwa imelegea tangu mwanzo, na masizi yalikuwa yamejichora pale kama wanja. Moshi ulikuwa unatorokea hapo. Ndiyo chaf-chaf yote. Kazi ya dakika mbili.

Unadhani nilimwambia? Nilimwambia injini imefanyiwa kazi kubwa. Akanilipa kwa mafungu mawili, kwa mishahara miwili. Na ile gasketi yangu ya boksi ikaanza kutoa jasho la oili, kidogo kidogo, upande wa nyuma asikoona. Injini hiyo hubeba kama lita moja tu, haina akiba ya kuchezea. Mwezi wa nne mwalimu akaja anaisukuma. Safari hii konrodi ilikuwa imekufa kweli. Akaniangalia, akanishukuru. Akasema, "Ulikuwa umeniambia."

Akaiuza kama chuma. Mpaka anahamishwa nilikuwa namwona barabarani akisubiri lori la kupanda Amani, na pasi ya suruali ileile.

Kwa hiyo, kabla ya bisibisi, kabla ya tapeti, kabla ya yote niliyokuandikia hapo juu, shika spana ukaze nati za ekzosi, na utazame kama kuna masizi. Ningeliandika hili mwanzo wa barua, ila mkono ulikuwa mzito.

Oili pima kila Ijumaa, pikipiki ikiwa imesimama wima. Usimwazime mtu wa boda hata kwa saa moja. Kofia ngumu vaa hata ukienda dukani. Na mama yako anasema mwezi uliopita hukutuma kitu. Mimi sisemi, nimefikisha tu.

Nimesikia pia, si kwa dada yako, kwamba unataka kuiuza ukachukue mpya kwa mkopo. Siwezi kukuzuia, nilikupa kwa moyo mweupe. Ila usiiuze kwa sababu ya cheni isiyokuwemo. Na huyo fundi, ukirudi kwake kuichukua, usimgombeze mbele ya wateja wake. Mwambie tu akuonyeshe cheni yenyewe. Akikuonyesha ile ya tairi la nyuma, mlipe muda wake na uondoke. Akinyamaza, huyo bado anafundishika. Kama ameshaifungua kabla barua hii haijafika, mwambie asirudishe gasketi ya zamani na asikate ya karatasi. Siku hizi zinauzwa kila duka la spea.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi kifurushi. Ndani kuna fila geji yangu, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Jani la 0.08 nimelifunga uzi mwekundu. Mkazamjomba wako ametia machungwa ishirini. Machungwa kuleni, geji irudi, na fundi asiiguse, maana kitu kikiazimwa gereji hubadilisha kabila. Ukishaiwasha asubuhi nipigie, uishike simu karibu na kichwa cha injini, usiseme neno, nisikilize mwenyewe. Halafu iteremshe chini kwenye krenki.

Mjomba wako