Upande A, Upande B

Ukisema unatoka Benaco, watu wa umri wa wazazi wetu wanakuuliza habari za wakimbizi wa 1994. Mimi nilizaliwa baadaye. Benaco yangu ni ya malori yanayopumzika kabla ya kuvuka Rusumo, na ya kibanda cha kaka, ambako madereva huacha simu zao zichajiwe. Zamani alitumia jenereta dogo na ekstensheni zilizochomekwa moja ndani ya nyingine. Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kugusa plagi kwa mgongo wa vidole. "Ikichoma, toa simu mbili," kaka alikuwa akiniambia.

Leo nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na utafiti wangu ni jambo lile lile, ila plagi zimekuwa ghali: namna ya kugawa umeme ndani ya kabati la seva. Nyuma ya kabati husimama safu mbili ndefu za soketi. Upande A unalishwa na njia moja ya umeme, upande B na nyingine. Kila seva ina pawa saplai mbili, moja A, moja B. Zote zikiwa nzima, hugawana mzigo nusu kwa nusu. Njia moja ikikatika, ya pili hubeba wote, na wewe unayetazama video hujui kitu.

Mwaka jana, kwenye mafunzo ya vitendo katika kampuni moja, nilipewa kabati nilipange. Breka za ampia 32 kila upande. Nilipomaliza, mita ya A ilisoma 24, ya B ikasoma 24. Nikaona nina akiba ya ampia nane huku na nane kule. Nilipiga picha nikamtumia kaka.

Wiki mbili baadaye fundi alizima A kwa matengenezo. B ikapanda hadi 48. Breka haikukata papo hapo. Ndani yake kuna kipande cha metali mbili zilizounganishwa, ambacho mkondo ukizidi hupata joto na kujipinda taratibu. Tukasimama tunatazama namba, mimi nikijua kinachokuja na nisijue cha kuchomoa. Kisha kabati zima likanyamaza.

Hesabu sahihi ni ya pande zote mbili kwa pamoja: jumla yake isizidi kile ambacho upande mmoja unaweza kubeba peke yake, tena si mpaka ukingoni. Ukikomea asilimia 80 ya breka ya 32, unapata kama 25. Gawa kwa mbili, ni ampia kumi na mbili na kitu kila upande. Kabati linaonekana limeachwa nusu tupu, na mhasibu lazima akuulize kwa nini.

Mwezi Machi kaka alianguka na bodaboda, mguu ukavunjika. Kibanda kikafungwa. Dawa za presha za mama na mahitaji ya shule ya mdogo wetu tulikuwa tunachangia, yeye nusu, mimi nusu. Nusu yangu peke yake ilikuwa inamaliza posho mpaka nauli. Nikaandika barua ya kuahirisha masomo.

Kaka alipiga simu usiku.

"Usiipeleke hiyo barua. Nitauza jenereta."

Siku hizi umeme wa gridi upo, na mtambo wa Rusumo wa megawati 80, tunaougawana na Rwanda na Burundi, uko jirani. Lakini umeme ukikatika, ni jenereta lile linalobaki.

"Kaka, hilo ndilo upande B wa kibanda."

"Upande B ni nini?"

Nikamweleza yote, hata lile kabati la kwenye picha. Alinyamaza kidogo, nikasikia lori likipiga breki nje kwake.

"Si ni zile plagi zetu tu, mdogo wangu," akasema. "Ikichoma, unatoa simu mbili. Sasa hapa tunatoa ipi?"

Barua bado iko kwenye begi.