Siku Moja Katika Milima ya Uporoto

Mwezi wa Agosti tulisafiri, sisi na mama wa nyumba yetu na watoto wetu wawili, kutoka Rabai katika nchi ya Kenya mpaka Tukuyu katika nchi ya Tanzania. Binti wa marehemu kaka yetu ameolewa huko na mwalimu wa shule, naye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Ikatupasa kwenda kumwona mjukuu na kuwasalimu wakwe. Habari za safari nzima ni nyingi, wala hazitaenea katika kurasa hizi. Twataka kuwasimulia siku moja tu, siku tuliyopanda milima ya Uporoto kulitazama Ziwa Ngosi. Siku hiyo tulifanya kosa, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Kwanza tuwaeleze nchi ilivyo. Kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni mwendo wa kilometa 70 hivi, na njia yote imepita katika kijani. Migomba imezizunguka nyumba, chai imefunika vilima, na juu zaidi kuna mashamba ya viazi. Sisi watu wa pwani tulidhani twaijua mvua, kumbe hatuijui: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Juu ya yote umesimama mlima Rungwe, wenye urefu wa kama meta 2960. Ni mlima wa moto uliolala. Wataalamu wa ardhi husema kwamba katika nchi hii matawi matatu ya Bonde la Ufa hukutana, yaani la Rukwa, la Usangu, na lile lililobeba Ziwa Nyasa. Ardhi ilipopasuka, moto wa chini ukapata mlango. Rungwe ulilipuka kwa nguvu nyingi miaka kama 4000 iliyopita, na jirani yake, mlima Kyejo, ulimwaga uji wa moto karibu na mwaka 1800. Majivu ya milipuko hiyo ndiyo yaliyoipa nchi hii rutuba. Kilichowatisha watu wa kale kimekuwa chakula cha watu wa leo.

Jumapili tulisali Rungwe, kwenye misioni ya Wamoravian. Ilianzishwa mwaka 1891 na Theodor Meyer na wenzake, waliokuja kwa njia ya Ziwa Nyasa. Kwetu Rabai, Krapf na Rebmann walijenga mwaka 1846. Basi tulipoketi katika kanisa lile tukajiona kuwa ndugu na watu wale, ingawa nyimbo ziliimbwa kwa Kinyakyusa tusichokijua.

Jioni ya Jumatatu mkwe wetu alituambia, "Baba, kesho ni siku ya kazi, sitaweza kuwafuata. Mkishuka Isongole, mchukueni mtu wa pale awaongoze. Njia za msituni ni nyingi, na ukungu wa huku haubishi hodi."

Tukamjibu, "Mwanangu, sisi tumezaliwa kando ya Kaya. Msitu si jambo geni kwetu."

Akanyamaza, maana mkwe hashindani na baba wa mkewe.

Asubuhi, saa kumi na mbili, tulipanda gari dogo la abiria liendalo Mbeya. Mkono wa kuume tuliuona Rungwe umejifunga ukungu kiunoni, kama mwanamke aendaye shamba. Baridi ilikuwa kali. Watoto walivaa sweta za kuazima, na mikono ikawapwaya. Tuliposhuka Isongole tulimkuta mzee mmoja kando ya njia, jembe begani. Akatusalimu, "Mugonile." Tukaitika, "Ndaga," kama binti yetu alivyotufundisha, naye akacheka kwa furaha. Watoto wakamwamkia shikamoo. Akatuuliza twendako, tukamwambia. Akasema, "Nitawapeleka mimi. Mtanipa kidogo cha kununulia sukari."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, nalo lilikuwa letu sisi, baba wa watoto hawa, wala si la mama yao. Tuliwaza moyoni kwamba mtu huyu ameona wageni, anatafuta fedha. Tukamjibu kwa adabu ya mdomoni tu, "Ahsante Mzee, njia tutaiona." Mama wa nyumba akatutazama, asiseme neno. Mzee akainua macho kuelekea mlimani, kisha akasema, "Haya, ndugu zangu. Msiiache njia pana." Akaingia shambani mwake.

Tulitembea saa moja na zaidi katikati ya viazi mpaka ukingoni mwa msitu, kisha tukaanza kupanda. Ndugu zetu, msitu ule ni mzuri ajabu. Miti ni mirefu, na matawi yake yamevaa ndevu za kijani. Kuna mianzi, kuna migomba ya mwitu, kuna makangaga yampitayo mtu kimo. Mizizi imekatiza njia, tukaikanyaga kama ngazi. Mbega walituangalia kutoka juu, wamejitanda shuka zao nyeusi na nyeupe. Mwana wetu wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, hakuweza kutulia kwa furaha. Alitangulia mbele kuwatazama, nasi tukamwacha, maana tulisikia kicheko chake.

Kabla hatujafika juu, ukungu ukashuka. Kweli haukubisha hodi. Mara moja miti iliyo hatua kumi mbele yetu ikatoweka, na kicheko tusikisikie tena. Tukafika mahali ambapo njia imegawanyika mara tatu, wala hatukujua ipi ni pana na ipi ni nyembamba. Tukaita kwa sauti kuu. Sauti yetu ikaturudia kutoka upande mwingine, kama mtu anayetudhihaki. Tukataka kukimbilia kushoto, kisha kulia. Mama wa nyumba akatushika mkono akasema, "Baba watoto, simama. Tukitawanyika, nani atamtafuta nani?"

Tukasimama, tumemshika binti yetu katikati. Tukaomba. Lakini twakiri mbele yenu kwamba maneno yale tuliyozoea kuwaombea watu wengine hayakuja kinywani. Tulilitaja jina la mtoto tu.

Sijui zilipita dakika ngapi. Ndipo tukasikia nyayo nyuma yetu, na katika ukungu akatokea yule mzee, panga mkononi, anahema. Akasema, "Niliona ukungu unaanza kuteremka, nikajua hamna mtu wa kuwaongoza. Mko wangapi?"

Tukasema, "Mtoto mmoja hatumwoni."

Hakutulaumu. Akasema, "Nyamazeni nyote. Ukuta wa ziwa huirudisha sauti. Mtoto akiifuata ile iliyorudi, atakwenda pabaya." Kisha akauendea mti mkubwa, akaupiga kwa mgongo wa panga mara tatu, akangoja. Akaupiga tena, akangoja. Mara ya tatu tukasikia sauti ndogo upande wa kushoto, "Baba, niko huku!" Mzee akapaza sauti, "Mwanangu, keti hapo hapo! Usiinuke!" Akaingia katika makangaga, akipapasa ardhi kwa panga kama kipofu na fimbo yake. Baada ya kitambo akarudi, amemshika mtoto mkono.

Ukungu ulipopungua akatupeleka kuona mahali pale. Alama ya mtoto alipoketi ilikuwa bado katika majani. Mbele yake kwa hatua nne, ardhi ilikwisha. Chini ya makangaga yale mazuri palikuwa hewa tupu.

Na huko chini kabisa ndiko lilikokuwa ziwa. Ukungu ulifunguka kama pazia, tukaliona lote, kijani kama jani la mgomba, kimya, bila mtumbwi wala nyumba. Urefu wake ni kama kilometa 2 na nusu, na kina chake hupita meta 70. Liko zaidi ya meta 2000 juu ya usawa wa bahari, nalo limezungukwa na kuta za mwamba na msitu pande zote, wala hakuna mto unaotoka ndani yake. Mlima wa moto ulitapika vilivyokuwa tumboni mwake, kisha kilele kikabomoka na kutumbukia ndani, na shimo lililobaki likajaa maji. Mzee akatusimulia habari za joka kubwa ambalo wazee husema limo majini. Siku nyingine tungalitabasamu tukaanza kumfundisha. Siku ile tulisikiliza mpaka mwisho.

Tuliporudi shambani mwake tulitoa fedha, nyingi kuliko zile alizotaka asubuhi. Akazirudisha mkononi mwetu akasema, "Ndugu yangu, ungalinipa asubuhi ningalipokea, maana ilikuwa kazi. Sasa si kazi tena." Mke wake akawafunika watoto kwa blanketi, akatuletea viazi vya kuchemsha na maziwa. Tukala, na aibu yetu tukala nayo. Mama wa nyumba akaivua kanga yake mpya ya Mombasa, akampa mwenzake kama dada ampavyo dada, nayo ikapokewa.

Usiku, huko Tukuyu, tulimweleza mkwe wetu mambo yote. Hakusema, "Niliwaambia." Alitusimulia habari ya kipunji. Huyo ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani, akaaye katika msitu wa Rungwe. Wawindaji wa huko walimjua na kumtaja kwa jina lake, lakini watafiti walipolisikia jina hilo hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao, mwaka 2005 wakamtangaza, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba ni wa jenasi mpya kabisa. Tangu mwaka 1923 haikuwa imepatikana jenasi mpya ya kima katika Afrika. Kwa dunia alikuwa mgeni. Kwa wenyeji alikuwa jirani.

Nasi tukamkumbuka Rebmann wa kwetu Rabai. Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita "baridi" tu, naye Rebmann akatambua kwamba ni theluji. Alipoandika hivyo, wataalamu waliokaa Ulaya, kama W. D. Cooley wa Uingereza, walikataa, mpaka von der Decken alipoupanda mlima ule mwaka 1861 na tena 1862 akathibitisha. Habari hiyo tumewasimulia watoto wa shule miaka mingi, tukiwacheka wasomi wale waliomkatalia mtu aliyefika. Isongole sisi tulikuwa Cooley.

Tena tulikosa katika lile tulifundishalo kwa Kitabu. Katika Hesabu, sura ya 10, Musa alimsihi Hobabu asiwaache, kwa kuwa yeye alijua jinsi ya kupiga kambi jangwani. Na Waisraeli walikuwa na wingu la Bwana mbele yao! Mwenye wingu la Mungu alimwomba mwenyeji msaada, nasi wenye wingu la ukungu tulimkataa. Hata katika Kaya yetu ya Rabai mgeni haingii bila mzee. Jambo hilo twalijua tangu utoto. Tulilisahau kwa sababu mlima haukuwa wetu, na fedha zilikuwa zetu.

Basi, wapenzi, mkipata nafasi nendeni Rungwe, mkaione kazi ya Mungu. Ondokeni mapema, vaeni viatu vya kushika ardhi na nguo nzito, mtoto asitangulie mbele. Na mkutane na mwenyeji kwanza, mpatane ujira wake, mumpe kwa heshima, kwa maana ni kazi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliponywa na mwenyeji.

Juma lililopita tulikuwa tukienda na mwana wetu kumwona mgonjwa katika kijiji tusichokizoea. Tulipofika penye njia panda, akatushika kanzu akauliza, "Baba, tumepata mwenyeji?" Tukasimama, tukabisha hodi katika nyumba ya kwanza.