Uso Wangu Alipouona Mtoto Yule



Leo najisema mwenyewe. Mwaka 2023 mama mmoja alimleta madrasa kwetu, hapa Muleba, mtoto wa miaka sita mwenye ualbino. Niliinua kichwa kutoka kwenye daftari la majina nikashtuka. Sikutamka neno, ila mtoto aliuona uso wangu, akajificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Sura ya Abasa naisomesha zaidi ya miaka ishirini. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, hakuona uso uliokunjwa, na bado aya zikateremka. Huyu wangu macho yake ni dhaifu, lakini aliona.

Mshtuko ule naujua ulikotoka. Utotoni tuliambiwa watu hawa hawafi, hupotea tu. Tukikutana na mmoja njiani tulijitemea mate kifuani. Wahindi wa maduka ya Bukoba tuliwazoea, wazungu wa misheni tuliwazoea. Hawa waliozaliwa na mama zetu hatukuwazoea, kwa kuwa walifichwa ndani.

Watoto wa madrasa walinishinda. Wiki ya kwanza walimkodolea macho, mmoja akamsugua mkono aone kama rangi inatoka. Wiki ya tatu wanagombania nani amwandikie alifu kubwa ubaoni, na kivulini wanampisha bila kuambiwa, maana jua linamuunguza. Msimu wa senene mgeni akaniuliza, "Yule zeruzeru ni wa nani?" Kabla sijajibu mwanafunzi akadakia, "Yule mwizi wa senene? Kwao kule bondeni."

Mimi ilinichukua miezi.

Kisha tarehe 30 Mei 2024, wilayani kwetu humu humu, Kamachumu, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu akanyakuliwa nyumbani kwao. Mwili ulipatikana Juni 17, umekatwa viungo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mama yule akaacha kumleta mwanawe. Niliona haya kwenda. Ningemwambiaje atuamini, naye siku ile alikuwa amesimama mbele yangu?

Vijana saba wakubwa wa madrasa ndio walionivuta. Tulifika uani, mmoja akasema, "Shikamoo mama. Tutakuwa tunakuja kumchukua na kumrudisha, na ustadhi yuko nasi."

Mama alituangalia mmoja mmoja, mimi wa mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kofia ya mtoto.