Picha Kabla ya Maangamizi

Mtu akitaka kuona kitu, hukimulika kwa nuru. Lakini iko nuru iharibuyo kile kile inachokionyesha. Ndiyo eksirei, aliyoivumbua Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Chembe ndogo sana ikimulikwa kwa eksirei hafifu, haionekani sawasawa. Ikimulikwa kwa eksirei kali, huvunjika. Kitaonwaje basi kitu kisichostahimili kuonwa?

Mwaka 2000 Richard Neutze, Janos Hajdu na wenzao wa Uppsala, nchini Sweden, walitoa jibu kwa hesabu. Nuru na iwe kali mno, walisema, lakini ipite upesi kuliko chembe iwezavyo kupasuka. Usiku wa mvua, mmweko wa radi huonyesha mti mzima kabla ngurumo haijafika. Vivyo hivyo picha itatangulia, na maangamizi yatafuata.

Mwaka 2009 mtambo wa nuru hiyo ulianza kazi huko Stanford, nchini Marekani. Elektroni hukimbizwa katika bomba refu, kisha hupita kati ya safu za sumaku. Zikiyumbishwa huku na huku, hutoa eksirei. Upesi wake ni huu: twaa sekunde moja, uigawe mafungu milioni, fungu moja uligawe tena milioni, na fungu lake uligawe elfu. Mmweko mmoja waweza kudumu makumi machache tu ya mafungu hayo ya mwisho.

Huko ndiko ilikochunguzwa protini moja ya kijidudu cha malale, ugonjwa uletwao na mbung'o katika Afrika. Fuwele zake, zenye unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, zilirushwa mbele ya mimweko. Kila fuwele iliyopigwa iliangamia. Lakini kwanza iliitawanya nuru, na alama zake zikanaswa. Alama za fuwele maelfu kwa maelfu ziliunganishwa kwa hesabu, na umbo la protini hiyo likachapishwa mwaka 2013. Umbo hilo ni kama tundu la kufuli: alijuaye aweza kutafuta ufunguo, yaani dawa.

Wahenga husema, haraka haraka haina baraka. Hapa haraka ni ya mmweko peke yake. Watu walioutengeneza walifanya kazi kwa subira ya miaka mingi.