Mama Ndani ya Husuni Kubwa

Siku yetu ya kwanza Kilwa Masoko, nilimvusha mama yangu kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Amezaliwa na kuzeekea mkoani Lindi, lakini magofu yale, yaliyoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, aliyahesabu kuwa mahali pa wageni.

Ndani ya Msikiti Mkuu nilianza kumhutubia kama wanafunzi wangu: Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, dhahabu ya Sofala ilipita hapa, Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Alinisikiliza kwa subira, kisha akapapasa ukuta.

"Mwanangu, haya ni matumbawe. Na chokaa hii babu yako aliichoma."

Tulipofika Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, akauliza: "Mbona tuliambiwa wamejenga wageni?"

Ndugu msomaji, hilo ni swali la kisiasa. Simulizi za kikoloni ziliwanyang'anya Waswahili kazi ya mikono yao. Wanaakiolojia wamekwisha kuzisahihisha, ila masahihisho hayo yamo katika majarida ambayo mama hayasomi.

Tunapoupima urithi kwa idadi ya watalii na fedha za kigeni, tunamsahau mrithi. Tuanze na jambo dogo: kila mtoto wa Lindi auvuke mkono ule wa bahari kabla ya kumaliza darasa la saba, auguse ukuta, na aelezwe ni wa nani.