Nilipika Hesabu ya Nzi

Nilidanganya kwenye ripoti ya maabara. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na deni la ada. Nilichelewa kuamka, basi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya biolojia, katika chuo kidogo huko Ohio. Darasa la jenetiki lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na wenzangu walimwita profesa kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi ulikataa. Tulipewa nzi wa matunda, wale wanaozengea ndizi zilizoiva, turudie kazi aliyoianza Thomas Hunt Morgan mwaka 1910: jike mwenye macho meupe apandwe na dume mwenye macho mekundu. Watoto wa kike hutoka na macho mekundu, wa kiume meupe.

Ila jike awe bikira. Akitoka kwenye ganda lake ana saa kama nane tu kabla ya kukubali dume, na akishapandwa huhifadhi mbegu kwa siku nyingi. Mama alicheka kwenye simu: "Yaani umevuka bahari kwenda kuchunga ubikira wa nzi?"

Mwenzangu wa maabara aliwaondoa nzi wazima wote chupani saa tano usiku. Zamu yangu ilikuwa saa moja asubuhi. Nilifika saa tano. Majike walishalala na kaka zao wenye macho meupe. Nikawachukua hivyo hivyo, nikaandika kwenye lebo: "Mabikira." Nani angemuuliza nzi?

Wiki mbili baadaye nilihesabu peke yangu, nikakuta majike wenye macho meupe. Sasa, jibu la swali hili nilikuwa nalo tangu kidato cha sita, kwa kalamu na karatasi, na hakuna nzi aliyewahi kunipinga; kwa hiyo nilipoona chupa inasema vingine, nikaona chupa ndiyo imekosea. Nikaandika majike wekundu 104, madume weupe 98. Nikasaini kwa niaba yetu wawili.

Profesa alichukua nzi mmoja kwenye spiriti, akamweka chini ya hadubini. "Huyu dume au jike?"

Dume ana tumbo butu, ncha nyeusi. Huyu tumbo lilichongoka, mistari hadi mwisho. Jicho jeupe pe. Nilimtazama kupita kiasi. Ndipo nikaelewa kwamba nzi wale walikuwa wameandika kuchelewa kwangu kwa usahihi kabisa, na kwamba ningewahesabu walivyo na kueleza sababu, ningepata alama nzuri.

"Jike," nikasema.

Nilipata sifuri, na barua ikaingia kwenye faili langu. Nafasi ya kufanya kazi maabara wakati wa kiangazi ikaenda kwa mwingine. Mwenzangu aliruhusiwa kurudia. Ilimla wikendi mbili. Hakunitukana. Aliomba tu apangwe na mtu mwingine.

Nami nilirudia, bila alama. Lebo yangu ya kwanza ilisomeka: "Saa 11:20 alfajiri. Majike tisa. Mmoja nina shaka naye, nimemtoa."